Bangi Ndefu Iliyotafutiwa Jina

Hapo zamani, na mwenye masikio mawili asogee nayo yote mawili, palikuwa na nchi ya milima iitwayo Ngulwe. Watu wa Ngulwe walikuwa na desturi ambayo hamtaikuta kwingine: kila mbegu waliyopanda ilibeba jina la mtu. Mtama ulikuwa wa Kalunde. Maharage mekundu yalikuwa ya Nhonoli, aliyeyatoa kwa wakwe zake akidai anakwenda kuyapika. Hata boga, tena lile boga lisilo na ladha yoyote, lilikuwa na mwenyewe. Mvua ya kwanza ikidondoka, mpanzi hulitamka jina la mbegu kwa sauti, kisha huifukia.

Mbegu moja, jina moja. Mbegu mpya iliitwa mgeni mwaka wa kwanza, ikaachwa ijaribiwe. Mwaka wa pili lazima iwe na jina, la sivyo hutupwa motoni.

Mnacheka? Wenyewe hawakucheka. Aliyekufa akaacha mtoto wa kiume, jina lake walilichukua wajukuu. Aliyekufa bila hivyo, jina lake lilikoma siku ya matanga, isipokuwa libebwe na mbegu. Na mbegu zinazostahili jina haziji kila siku.

Basi katika nchi hiyo aliishi mjane mmoja, Nyanzobe, ila hakuna aliyemwita Nyanzobe. Walimwita Mama Lutambi, kwa jina la mwanawe wa pekee. Lutambi aliondoka na msafara wa wapagazi kwenda nchi za joto, mzigo begani, na hakurudi. Homa ilimmaliza njiani. Alikuwa hajaoa.

Habari zilipofika, majirani walishikwa na kigugumizi. Wale waliokuwa wakipaza sauti ng'ambo ya bonde, "Mama Lutambi, umeamkaje?" sasa walisema, "Ee... mama... hujambo?" Wengine walipita njia ya nyuma. Hilo lilimuuma Nyanzobe kuliko matanga yenyewe. Mwana amekwenda, hana la kufanya. Lakini sasa hata jina lake linakufa, na linafia midomoni mwa watu anaowaazima chumvi!

Aliyeleta habari hizo alikuwa Mahona, mpagazi mwenzake Lutambi, ndiye aliyemzika. Mahona alikuwa na miguu mirefu na maneno marefu zaidi. Hana mke, hana mtoto, na nyumba yake ilikuwa mkeka alioukunja kwapani. Ilikuwa ada ya wapagazi kwamba anayerudi humletea mama wa aliyebaki zawadi ya huko. Mahona akaketi, akalia, akajifuta, kisha akafumua misuko ya nywele zake na kutoa humo mbegu saba.

"Mama, nimekuletea bangi."

"Bangi?" Nyanzobe alimkodolea macho. "Mahona, bangi imejaa nyuma ya zizi langu, mbuzi wanailalia. Umekwenda na kurudi miezi minne kuniletea bangi?"

"Siyo hiyo yenu. Yenu ni fupi, majani mapana, mtu akiivuta anasinzia mdomo wazi mpaka nzi wanaweka makazi. Hii ni ndefu. Majani yake membamba kama vidole vya mtu aliyefunga mwezi mzima. Inanuka ndimu. Ukivuta kidogo husinzii, unaamka! Unacheka, unaongea, unasikia njaa, mlima unauona tambarare. Wenyewe hawataki mbegu itoke kwao. Nimezificha nyweleni siku arobaini, na siku arobaini sikujikuna."

Kisha akashusha sauti. "Lutambi aliiona shambani, imempita kimo. Akaniambia, mama yangu ana mkono wa kuotesha, hii angeipenda."

Nyanzobe alinyoosha kiganja. Alizifunga mbegu kwenye pindo la nguo yake, akalishika pindo lile mpaka kulipokucha.

Sasa sikilizeni la pili. Mwaka huohuo Mtemi Kasanzu, mtawala wa Ngulwe, alikuwa amenyamaza. Alimzika mkewe mkubwa, akarudi ikulu, akaketi, akafunga mdomo. Hali, hacheki, haamui. Kesi zikajaa. Ndugu wawili waliokuwa wakigombea kuku mmoja sasa waligombea kuku ishirini na sita, maana kuku hakuingoja hukumu. Mtu mmoja alimshtaki jirani kwa kukoroma. Mshtakiwa akahama, akaoa, akarudi, kesi bado iko palepale.

Mganga wa ikulu, Mzee Shigela, alijaribu kila jani. Akajaribu na bangi fupi ndani ya buruma, ule mtemba wa kibuyu wenye maji. Mtemi akalala siku mbili. Alipoamka, alinyamaza vilevile, ila sasa na matongotongo.

Huyo Shigela naye alikuwa na donda lake. Mungu alimjalia binti kumi na mmoja na wajukuu arobaini, na hakuna hata mmoja aitwaye Shigela, kwa kuwa wajukuu wa Ngulwe huchukua majina ya upande wa baba. Kila mjukuu alipozaliwa, mzee alibeba zawadi, akaenda, akasikia jina, akarudi amenuna.

Shigela aliposikia habari za mbegu za Mahona, alikuja mbio kwa Nyanzobe. "Dada yangu, panda. Kama ni kweli hiyo inaamsha, Mtemi ataamka."

Nyanzobe akapanda. Mbegu saba: mbili zikaoza, moja ikachimbuliwa na kanga, zikabaki nne. Alichagua mteremko unaopigwa na jua asubuhi hadi jioni, pasipotuama maji. Akazungusha majivu kila shina, wadudu wakatao miche wasije. Mwezi wa kwanza, miche. Mwezi wa tatu, bangi fupi nyuma ya mazizi ya watu ikatoa maua, lakini hii haikutoa kitu. Iliendelea kwenda juu. Mwezi wa nne ikaupita mlango wa nyumba. Mwezi wa tano ikalipita paa, ikawa inayumba kwa upepo, Nyanzobe akaifunga kwenye vijiti.

"Mama, hii ni bangi au unajenga uzio?" wapita njia walimuuliza.

"Ngojeni mwone."

"Tutangoja juu au chini?"

Wakacheka, naye akacheka nao kidogo, kisha akarudi kumwagilia. Kila alipoinua macho kuitazama alisema moyoni, mwanangu, umesema kweli, naipenda.

Mwezi wa sita, maua. Mimea miwili ilitoa nywele nyeupe vifundoni: majike. Miwili ilitoa vifuko vidogo vyenye vumbi ndani: madume. Na hapa, jamani, tegeni sikio, maana Wangulwe walikuwa na kazi yao moja waliyoifanya bila kufikiri, kama unavyofukuza inzi. Bangi ikitoa dume, waling'oa. Dume lote, shamba lote, bila kubakiza. Dume likimwaga vumbi, jike hujaa mbegu na nguvu ya ua hupungua. Na mbegu za kupanda mwakani je? Hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu bangi fupi ilijiotea yenyewe nyuma ya kila zizi, pasipong'olewa dume. Ukitaka mche, unauinamia tu.

Siku ile madume yalipojionyesha, Nyanzobe akaitwa kwa dada yake mgonjwa, mwendo wa siku mbili. Akamwita jirani yake, Milembe.

Milembe alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, mzito wa kazi. Aliolewa, akaachwa, akaolewa, akaachwa, hakujaliwa kuzaa. Alikuwa na mbuzi mmoja mtundu, na alimsema mbuzi huyo kama wengine wanavyowasema watoto wao.

"Milembe, ng'oa haya mawili leo hii, kabla vumbi halijamwagika. Mawili. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada. Nenda salama, mpe pole mgonjwa."

Milembe akang'oa la kwanza. Lilikuwa na mizizi mirefu, jasho likamtoka. Akalitazama la pili: nene, imara, limesimama wima. Akamtazama mbuzi wake, ambaye kamba yake haikuwa na pa kufungwa. Akamfunga mbuzi kwenye dume la pili. "Nitaling'oa kesho," alisema. Kesho alisema hivyohivyo. Keshokutwa hakusema kitu.

Nyanzobe aliporudi siku ya tisa, alimkuta mbuzi kafungwa kwenye dume, mbuzi anavuta kamba, dume linatikisika, na vumbi la manjano limetanda juu ya majike yote mawili. Mwanamke akapiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani.

"Umeniua, Milembe! Hii ilikuwa dawa ya Mtemi! Hii ilikuwa ya mwanangu!"

"Dada, nilitaka tu..."

"Utajua nini wewe? Asiye na mtoto atajuaje kutunza kitu!"

Milembe alimfungua mbuzi wake, akaondoka bila kugeuka. Tangu siku hiyo hakuja tena kuomba moto wala chumvi, na Nyanzobe, hasira zilipopoa, aliona aibu kumfuata.

Mwezi wa saba Shigela akavuna. Mzee huyu, akiwa kazini, hakuwa na mzaha. Hakuianika juani kama bangi fupi. Aliitundika kivulini, akaigeuza kila siku. Ilipokauka akaitia ndani ya kibuyu, akawa anakifungua kila asubuhi ipumue na kukifunga tena, siku ishirini. Harufu ya ndimu ikajaa nyumba nzima. Naye akaonya, "Ya kulala hupimwa kwa kiganja. Hii itapimwa kwa ukucha wa kidole cha mwisho. Mtu asiiguse."

Mahona akaigusa. Alisema yeye ndiye aliyeileta, anaijua. Akajipimia kiganja, akavuta. Kwanza alicheka. Kisha aliongea bila kupumua, habari za safari tatu kwa pamoja. Kisha moyo ukaanza kumdunda, akawatazama kuku waliokuwa wakidonoa uani, akasema kwa sauti ya chini, "Wananisema." Wakamkuta amejibanza chini ya ghala, anawaomba kuku msamaha. Shigela akampa maji, akamlaza kivulini, akamshika mkono mpaka ilipomtoka. Jioni Mahona alikula chungu kizima cha maharage ya Nhonoli, akaomba kingine.

Kwa hiyo Mtemi alipopewa, alipewa ukucha mmoja. Akavuta kwenye buruma. Ikulu yote ikashika pumzi. Kisha Mtemi Kasanzu akatazama huku na huku kama mtu aliyetoka safarini, akasema, "Mbona mmenikondea hivyo? Hamli nyinyi? Leteni ugali!"

Vigelegele! Akala ugali na mlenda, akala na nyama. Akamtaja mkewe kwa jina, akalia machozi yaliyokuwa yamekwama mwaka mzima, kisha akacheka alipokumbuka jinsi marehemu alivyokuwa akimwimbia vibaya. Akawaita wenye kesi. Kuku wakagawanywa. Mkoromaji akaamriwa alale kifudifudi. Kila ile huzuni ilipotaka kumrudia, Shigela alimpa ukucha mwingine, na Mtemi akasimama tena.

Sasa Shigela alipokuwa akipukuchua maua yale, mbegu zikamwagika juu ya ungo. Si saba. Kibuyu kizima. Nyanzobe alikuwepo, akazitazama. Aliona kosa lake lote kwa mara moja. Bangi ndefu haikuwa na ndugu nyuma ya zizi la mtu yeyote. Yeye ndiye aliyeagiza madume yote yang'olewe. Kama Milembe angetii, maua yangekuwa na nguvu zaidi, ndiyo, ila yangekuwa ya mwaka mmoja tu, na baada ya hapo hakuna.

Mawingu ya mvua yakaanza kukusanyika. Mtemi akaketi barazani pamoja na wanyampara, wazee wake wa shauri, kibuyu cha mbegu mbele yake.

"Mgeni huyu amemaliza mwaka," alisema. "Mvua ya kwanza ikidondoka lazima apandwe, na hapandwi bila jina. Mbegu moja, jina moja. Mwenye dai aseme."

Mahona akawa wa kwanza kusimama. "Mtemi, bila mimi mngekuwa mnasinzia mpaka leo. Siku arobaini sikujikuna. Sina mke, sina mtoto, siku nikianguka njiani nitafukiwa na watu wasionijua. Iiteni Mahona."

Shigela akasimama. "Mtemi, aliyeileta ndiye huyohuyo aliyewaomba kuku msamaha. Mbegu ni mbegu, na bangi ni bangi. Dawa ni kipimo. Kama ningeianika juani, kama ningekupa kiganja, leo ungekuwa chini ya ghala nawe. Nina wajukuu arobaini na hakuna anayeniitikia. Iiteni Shigela."

Nyanzobe akasimama. "Mtemi, Mahona alizileta kweli, lakini alizileta kama rambirambi. Rambirambi ya nani? Ya mwanangu. Mtu hatoi pole kisha akaidai. Na Mzee Shigela alipata cha kukausha kwa sababu nilimwagilia miezi saba huku mkinicheka. Siombi jina langu. Naomba iitwe Lutambi. Nataka mvua ikinyesha nisikie watu wakilitaja jina lake bila kigugumizi."

Watu wakanong'onezana, wanawake wengine wakajifuta macho. Ilionekana mambo yamekwisha. Nyanzobe mwenyewe aliona yamekwisha, kifua kikamfunguka.

Lakini Mtemi alikuwa macho sasa, tena macho kwelikweli. "Ngoja kwanza. Sisi Wangulwe hung'oa madume yote. Mbegu hizi zilitoka wapi?"

Shigela akatazama chini. Majirani waliusikia ule ugomvi, lakini aliyeuunganisha na mbegu hizi, zaidi ya Shigela, alikuwa Nyanzobe peke yake. Angeweza kusema upepo. Angeweza kusema Mungu. Milembe alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na hata yeye hakuwa ameelewa.

Nyanzobe akasema, "Niliagiza yote yang'olewe, Mtemi. Milembe alifungia mbuzi kwenye moja. Nikamtukana mbele za watu, tusi baya. Mbegu hizi zote zimetoka kwenye kosa lake."

Baraza likalipuka kwa kicheko, kisha kicheko kikazimika, kwa maana Milembe alikuwa anakuja mbele, polepole, akifunga vizuri nguo yake.

"Mimi sikujua, Mtemi," alisema. "Sitasema uongo kwamba nilijua. Nilikuwa mvivu. Nilikuja kusikiliza tu." Akamgeukia Nyanzobe. "Lakini, dada, kwa kuwa umenitaja, niseme. Mwanao alikuwa na mama wa kumlilia jina. Mimi nikifa nani atauliza? Nami napenda kuitwa."

Nyanzobe alitaka kumshika mkono, akashindwa. Mkono ulikuwa bado umekumbatia dai lake.

Mahona akapinga, "Uvivu nao unapewa jina?"

"Na wizi wa mbegu je?" akajibu mnyampara mmoja.

"Lutambi hakupanda, hakuvuna, hata hakuwepo," akasema mwingine.

"Shigela analishwa na ikulu kwa kazi hiyohiyo, anataka nini tena?" akadakia wa tatu.

Wanyampara wakagawanyika mafungu manne, kila fungu likipiga kelele kuliko jingine. Mtemi akanyamaza. Watu wakashtuka, wakadhani ugonjwa umerudi. Akainua mkono.

"Msiogope. Mara hii nimenyamaza kwa sababu nimeshindwa. Isitoshe, dawa yenyewe bado imo kichwani mwangu. Nikiamua mtasema ni moshi umeamua. Amueni nyinyi mliokuja bila kuvuta."

Radi ikanguruma. Wote wakatoka, wakamfuata Nyanzobe hadi kwenye ule mteremko, kwa kuwa mpanzi ni yeye na jina litatoka kinywani mwake, jina lolote litakalokubaliwa. Alichimba kishimo kwa kidole. Akaweka mbegu kiganjani. Upande wake wa kulia walisimama Mahona na Shigela, kushoto Milembe, na mbele yake hapakuwa na mtu, ila yeye alijua nani angesimama pale. Tone la kwanza likampiga kwenye mkono. Likaja la pili. Nyanzobe akawageukia watu, macho yamejaa, akasubiri waseme.

Wanasubiriwa hao mpaka sasa, na msemaji ni nyinyi. Aliyebeba, aliyetunza kwa ajili ya marehemu, aliyepima, au aliyekosea? Semeni upesi, udongo umeshaloa: je, nani alistahili mbegu ile iitwe kwa jina lake?